Figo Kupitia Tundu Dogo: Je, Tungoje Roboti?



Kati ya barua zilizofika mezani kwetu iko moja kutoka kwa katibu wa kikundi cha akina mama. Kijana wa mwanachama wao, mwenye miaka 27, figo zake zote mbili zimeacha kufanya kazi. Mara mbili kwa wiki anapanda matatu kwenda kusafishwa damu kwa mashine, muda wa saa 4 kila mara, na akirudi hana nguvu hata ya kushika jembe. Dada yake, mama wa watoto watatu, amepimwa na wamepatana. Amekubali kumpa kaka yake figo moja. Kikundi kikaanza harambee.

Halafu akaja mtu wa ukoo anayefanya kazi mjini, akawaambia wasiharakishe. Eti siku hizi huko India kuna roboti inayopandikiza figo bila kidonda, waongeze pesa wampeleke kijana huko. Basi kikundi kimegawanyika. Wengine wanataka kungoja, wengine wanasema kijana atawafia mikononi wakihesabu shilingi. Mama katibu anauliza: hiyo roboti ni kitu gani hasa, na inafaa kungojwa?

Swali ni zuri. Lakini kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Tukisema "kupandikiza figo" wengi wetu tunawaza mgonjwa mmoja kitandani. Vitanda ni viwili. Kuna operesheni ya dada, ya kutoa figo, na kuna operesheni ya kaka, ya kuiweka. Upasuaji wa matundu madogo umeyabadilisha sana mambo ya dada. Ya kaka umeyabadilisha kidogo tu. Msipotenganisha hizo mbili, pesa za kikundi zinaweza kwenda mahali pasipostahili.

MZIMA ALIUMIA KULIKO MGONJWA

Tarehe 23 Desemba 1954, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Marekani, daktari Joseph Murray na wenzake walichukua figo moja ya kijana Ronald Herrick, wa miaka 23, wakampa pacha wake Richard aliyekuwa karibu kufa. Kwa kuwa walikuwa mapacha wa kufanana kabisa, mwili wa Richard haukuiona figo ile kama mgeni wa kufukuzwa. Richard aliishi miaka 8 zaidi, akamwoa muuguzi aliyemhudumia, wakapata watoto wawili. Ronald naye aliendelea na ualimu na ukulima mpaka alipofariki mwaka wa 2010, akiwa na miaka 79. Hesabuni: miaka 56 na figo moja. Dkt. Murray alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1990.

Tangu hapo, kwa miaka kama 40 hivi, namna ya kumtoa mtu figo haikubadilika sana. Figo hukaa nyuma, chini ya mbavu, karibu na uti wa mgongo. Kwa hiyo mtoaji alilazwa kwa ubavu, akapasuliwa kutoka ubavuni kuja mbele, kidonda cha sentimeta 15 hadi 25. Misuli ilikatwa, na mara nyingine kipande cha ubavu wa mwisho kiliondolewa ili mkono wa daktari upate nafasi. Ukikatwa hapo, kupumua kunauma, kukohoa kunauma, hata kucheka kunauma. Wengine walibaki na maumivu au uvimbe ubavuni kwa miezi.

Mgonjwa je? Figo mpya haiwekwi pale penye figo za zamani. Zile za zamani kwa kawaida zinaachwa palepale. Mpya huwekwa chini ya tumbo upande mmoja, karibu na nyonga, kwa sababu hapo mishipa mikubwa ya damu iko karibu na kibofu hakiko mbali. Kidonda chake ni cha kukunja chini ya tumbo, na daktari hana haja ya kufungua nafasi ya matumbo. Ndiyo maana palikuwa na jambo la ajabu wodini: yule aliyeingia hospitali akiwa mzima, asiye na ugonjwa wowote, ndiye aliyetoka akiwa na kidonda kibaya zaidi.

Wako ndugu wengi waliopenda kutoa wakashindwa kwa sababu hiyo. Si uoga wa bure. Mtu anayeishi kwa nguvu za mikono yake akikaa miezi bila kufanya kazi, ni nani atalima?

MATUNDU YALIVYOKUJA

Mwaka wa 1990, mjini St. Louis, Marekani, daktari Ralph Clayman aliondoa figo yenye uvimbe ya mama mmoja wa miaka 85 kupitia matundu madogo tumboni. Watu walishangaa. Lakini ile ilikuwa figo mbovu, ya kutupwa. Kutoa figo nzima ambayo mwingine ataishi nayo ni kazi nyingine kabisa: mishipa yake isiguswe ovyo, mrija wake wa mkojo usikatwe mfupi, na isikae na joto bila damu. Hiyo ilifanyika Februari 1995 mjini Baltimore, mikononi mwa Lloyd Ratner na Louis Kavoussi wa Johns Hopkins. Mtoaji yule aliruhusiwa kwenda nyumbani siku iliyofuata.

Hebu tueleze inavyofanywa, maana wengi wanadhani figo inavutwa kupitia tundu la sindano.

Mtoaji anapewa dawa ya usingizi kabisa. Daktari anatoboa tundu dogo, anaingiza hewa ya kaboni dayoksaidi mpaka tumbo linainuka kama hema. Hiyo hewa ndiyo inayompa nafasi ya kufanyia kazi. Kisha anaongeza matundu mengine mawili au matatu, kila moja chini ya sentimeta moja na nusu. Tundu moja ni la kamera nyembamba yenye taa, na picha yake inaonekana kwenye televisheni ukutani. Matundu mengine ni ya vyombo virefu: mkasi, koleo, na chombo cha kuchoma vimishipa vidogo visivuje damu. Daktari anafanya kazi akiwa ameinua macho, anaangalia televisheni.

Anaisogeza matumbo kando, anaifikia figo, anaiachilia polepole kutoka kwenye mafuta yaliyoizunguka. Mara nyingi huchukuliwa ya kushoto, kwa sababu mshipa wake wa kurudisha damu ni mrefu na hivyo ni rahisi kuushona kwa mwingine. Figo ikiwa imebaki kushikwa na mishipa yake tu, daktari anapasua mstari wa sentimeta 6 hadi 8 chini ya kitovu, mahali penye nguo ya ndani. Akina mama wanapajua: ni palepale panapopasuliwa kwa operesheni ya kuzaa. Mishipa inabanwa na kukatwa, figo inatiwa kwenye mfuko, inatolewa kwa mstari ule, inaoshwa mara moja kwa maji baridi ya dawa na kulazwa katika barafu. Kutoka damu inapokatika mpaka figo ipoe ni dakika chache tu.

Kwa hiyo anayesema "bila kidonda" anadanganya au hajui. Figo ya mtu mzima ni kubwa kama ngumi, na lazima itoke mahali. Kidonda kipo. Tofauti ni kwamba misuli ya ubavu haikukatwa wala mbavu hazikuguswa.

Kitu kingine ambacho mtoaji anapaswa kuambiwa mapema: siku mbili tatu za kwanza bega linaweza kumwuma kuliko tumbo. Wengi huogopa wakidhani kuna kitu kimeharibika. Ni ile hewa iliyobaki ndani, inasumbua kiwambo cha kupumulia, na neva ya hapo hupeleka maumivu begani. Akitembeatembea wodini inaisha.

Je, ni kweli matundu ni bora, au ni sifa za madaktari? Huko Uholanzi walipima. Watoaji 100 waligawanywa kwa kura: nusu matundu, nusu kupasuliwa kwa njia ya wazi lakini kwa kidonda kilichopunguzwa, si kile kikubwa cha zamani. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2006. Wale wa matundu walikaa muda mrefu zaidi katika chumba cha operesheni, dakika 221 badala ya 164, na figo zao zilikaa na joto dakika 6 badala ya 3. Lakini walipoteza damu kidogo, mililita 100 dhidi ya 240, walikaa hospitali siku 3 badala ya 4, na kwa mwaka mzima uliofuata walikuwa na uchovu kidogo na nguvu zaidi za mwili. Figo zenyewe zilifanya kazi sawasawa kwa waliopewa.

Huko Marekani leo, watoaji zaidi ya 9 katika kila 10 hupasuliwa kwa matundu.

NA HATARI YA KUFA?

Tusiifiche. Dada anayetoa figo ana haki ya kusikia neno hili kabla ya kutia sahihi.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024 ulifuata watoaji wote wa Marekani kuanzia 1993 hadi 2022, watu 164,593. Waliokufa ndani ya siku 90 baada ya kutoa walikuwa 36. Katika miaka kumi ya kwanza walikufa 3 katika kila watoaji 10,000. Katika miaka kumi ya mwisho walikuwa chini ya 1 katika 10,000. Hatari imeshuka, na kuenea kwa matundu ni sehemu ya sababu. Lakini hesabu hiyo ni ya hospitali zenye mazoea, damu ya akiba na uangalizi wa usiku kucha. Wengi wa waliokufa walikufa wiki ya kwanza, na sababu kubwa ilikuwa kutokwa na damu.

Hapa kuna kisa ambacho kila mtoaji anafaa kukijua. Ateri ya figo ina nguvu kama mpira wa maji uliofunguliwa. Ili kuifunga kupitia tundu dogo, madaktari wengine walitumia vibanio vidogo vya plastiki. Kwa operesheni nyingine vinafaa. Lakini kwa mtoaji, ateri hukatwa karibu sana na mahali inapotoka ili figo ipate kipande kirefu, na kisiki kinachobaki ni kifupi, kibanio kinaweza kuteleza. Watoaji kadhaa walikufa hivyo, wengine saa chache baada ya kurudi wodini wakiwa wanaonekana wazima. Mwaka wa 2006 mtengenezaji alivikataza kwa kazi hiyo, na mwaka wa 2011 mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani ikatoa onyo tena kwa sababu vilikuwa bado vinatumika. Badala yake inatumika stepla inayoshona safu kadhaa za vipini na kukata kwa pamoja, au ateri inashonwa.

Stepla ni ghali kuliko vibanio. Kwa hiyo dada au mumewe akiuliza, "Daktari, ateri yangu mtaifunga na nini?" hajakosa adabu. Ni swali la haki, na daktari mzuri atalijibu bila kukasirika.

SASA ROBOTI

Jina lenyewe linapotosha. Watu wanawaza mtu wa chuma anayejiamulia mambo yake. Roboti ya upasuaji haijiamulii kitu. Haikati ila mkono wa daktari ukisogea.

Inayojulikana zaidi inaitwa da Vinci, iliyoruhusiwa Marekani mwaka wa 2000. Ina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni mnara wenye mikono minne inayoning'inia juu ya mgonjwa kama buibui. Mikono hiyo inashika kamera na vyombo vilivyoingizwa kupitia matundu yaleyale tuliyoyasema. Ya pili ni meza, kama ya fundi wa cherehani, iliyowekwa pembeni katika chumba hichohicho. Daktari anakaa hapo, anainamisha kichwa, anatazama ndani ya tumbo kwa picha iliyokuzwa ambayo ina kina, si bapa kama ya televisheni. Vidole vyake viko kwenye vishikio. Akisogeza mkono wake sentimeta tatu, chombo ndani kinasogea kidogo zaidi. Mkono wake ukitetemeka, mashine inauondoa mtetemo huo.

Faida kubwa iko kwenye ncha ya chombo. Vyombo vya kawaida vya matundu ni virefu na vimenyooka, kama kuokota mbegu chini ya mtungi kwa vijiti viwili. Vya roboti vina kifundo mwishoni kama kifundo cha mkono wa binadamu, vinapinda kila upande. Kwa kukata na kuachilia, vyombo vya kawaida vinatosha. Kwa kushona, kifundo ni neema. Na kupandikiza kunahitaji kushona: ateri ya figo ishonwe kwenye ateri ya mgonjwa, vena kwenye vena, mrija wa mkojo kwenye kibofu, kwa uzi mwembamba ambao huwezi kuuona vizuri bila miwani. Ndiyo maana roboti ilikuja kwa mgonjwa, wakati kwa mtoaji matundu ya kawaida yalikwisha fanya kazi yake.

Huko Chicago, Chuo Kikuu cha Illinois kilianza kutoa figo za ndugu kwa roboti mwaka wa 2000. Kazi ya kuipandikiza kwa msaada wa roboti ilitangazwa mwaka wa 2002 na madaktari wa Créteil, karibu na Paris, Ufaransa, lakini mgonjwa yule bado alipasuliwa kwa kidonda cha wazi, roboti ikatumika kushona. Mwaka wa 2009 timu ya Pier Cristoforo Giulianotti huko Chicago ilipandikiza kupitia matundu pamoja na mpasuo mfupi wa kupitishia figo. Mgonjwa alikuwa mnene sana, na hiyo haikuwa bahati tu. Huko watu wanene walikuwa wanakataliwa kupandikizwa, kwa sababu kidonda chini ya tumbo lenye mafuta mengi huoza kwa urahisi, na mtu anayemeza dawa za kupunguza kinga ya mwili akipata kidonda kilichooza, figo na maisha vyote viko hatarini. Basi wao wakaweka ule mpasuo juu, karibu na kitovu, mbali na mikunjo. Mwaka wa 2013 walitoa hesabu: katika wanene 28 waliopandikizwa kwa roboti, hakuna hata mmoja ambaye kidonda chake kilipata wadudu. Katika wengine 28 wa unene kama huo waliopasuliwa kwa kawaida, walikuwa 8.

Na India? Ni kweli kabisa. Mwaka wa 2013 madaktari wa hospitali ya Medanta, karibu na Delhi, wakishirikiana na Mani Menon wa Detroit, walianza kupandikiza kwa roboti kwa utaratibu waliouandaa vizuri. Shida yao ilikuwa joto. Ndani ya tumbo kuna joto la mwili, na kushona kwa roboti huchukua muda. Figo ikikaa na joto bila damu inaanza kufa. Kwa kidonda cha wazi unaweza kuizungushia barafu, lakini kupitia tundu utafanyaje? Walifunga figo ndani ya kitambaa cha pamba kilichojaa barafu iliyosagwa, kama mtoto aliyevishwa sweta, wakaipitisha kwa mpasuo mfupi, kisha wakawa wanaongeza barafu karibu yake huku wakishona. Akili ya kawaida tu, lakini ndiyo iliyofanya njia hiyo isambae Ulaya na kwingineko.

Kazi inaendelea kwa viungo vingine pia. Mjini Riyadh, katika hospitali ya King Faisal, wamepandikiza ini kwa roboti peke yake mwaka wa 2023, na Septemba 2024 wakapandikiza moyo wa kijana wa miaka 16 kwa njia hiyo. Hayo tuyaache, yako mbali na barua yetu.

BASI TUMJIBU MAMA KATIBU

Kijana wenu, kwa maelezo ya barua, ni mwembamba. Ugonjwa umemmaliza. Kidonda cha kawaida cha kupandikiza kwa mtu mwembamba hupona vizuri, na daktari anapita nje ya nafasi ya matumbo. Roboti inapita ndani yake. Atapata kovu fupi zaidi na maumivu kidogo zaidi siku za kwanza. Figo yenyewe haitadumu zaidi kwa sababu ilishonwa na roboti. Mashine hiyo inagharimu zaidi ya dola milioni moja, vyombo vyake vinatumika idadi fulani ya mara kisha vinatupwa, na yote hayo yanaingia kwenye bili ya mgonjwa. Kwa maoni yangu, si kitu cha kungojwa. Kila mwezi anaokaa kwenye mashine ya kusafisha damu unamdhoofisha, na anayepandikizwa akiwa bado na nguvu hupona vizuri kuliko aliyechelewa.

Kama ni kuongeza pesa mahali, ongezeni kwa dada. Swali la kwenda nalo hospitali, iwe Kenyatta pale Nairobi, iwe ile ya rufaa ya Moi pale Eldoret, iwe India, ni hili: mtoaji atapasuliwa kwa matundu au kwa ubavu? Daktari atakayemtoa amefanya ngapi? Wa kwanza wake asiwe dada yenu. Kama daktari mwenye mazoea ni wa kupasua kwa njia ya wazi kwa kidonda kifupi, yeye ni bora kuliko anayejifunza matundu. Na ikitokea damu ndani ya operesheni ya matundu, daktari lazima aweze kufungua tumbo mara moja. Hiyo mtoaji aijue na akubali kabla, isije ikaonekana kama alidanganywa.

Mkiamua India, mjue kwamba sheria ya huko ya mwaka wa 1994 hairuhusu figo kununuliwa. Mgonjwa wa kigeni huenda na ndugu yake mwenyewe, na hati za kuthibitisha undugu wao na barua ya ubalozi. Hapa kwetu pia Sheria ya Afya ya 2017 inakataza biashara ya viungo na inataka idhini ya maandishi. Aprili 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja hapa nchini na kuunda kamati ya uchunguzi, baada ya madai kwamba vijana walikuwa wakishawishiwa kuuza figo zao. Kwa hiyo mtu akija kwenye kikundi akisema dada asisumbuke, yeye anaweza kupata mtoaji wa bei nafuu, mfukuzeni. Vilevile dada aongee na daktari akiwa peke yake, mama mkwe asiwepo, mume asiwepo, na mwenyekiti wa kikundi asiwepo. Akisema hataki, hospitali nzuri itaiambia familia kwamba hafai kiafya, basi, na hakuna atakayejua zaidi.

Sasa mahali ambapo harambee nyingi zinakosea. Watu huchanga pesa za operesheni, wanashangilia, wanapiga picha, halafu wanafunga daftari. Kijana atameza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo kila siku ya maisha yake: takrolimusi, mikofenoleti, predinisoloni. Akiacha wiki chache kwa kukosa pesa, figo ya dada inakufa, na haiwezi kurudishwa kwa mwenyewe. Kabla ya kufunga safari nendeni ofisi ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, mwulize kwa maandishi inalipa kiasi gani cha operesheni na kiasi gani cha dawa za baadaye. Kinachobaki ndicho cha kuwekewa akaunti. Afadhali kuanza na dawa za mwaka mmoja benki kuliko kuanza na tikiti ya ndege.

Na dada akirudi nyumbani? Matundu yamempunguzia maumivu, lakini ndani bado pameshonwa. Kwa wiki 4 hadi 6 asiinue kitu kinachozidi kilo 4 au 5. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Mtoto wa miaka miwili ni kilo 12. Mzigo wa kuni hatuhitaji kuupima. Katika nchi nyingi watoaji wengi ni wanawake, na hatari yao kijijini ni kwamba kovu ni fupi na limejificha. Mama anaonekana mzima wiki ya pili, mume anauliza mbona maji hayajaletwa, naye anabeba. Kidonda kinaachana ndani, na anapata ngiri.

Hapo ndipo kikundi kinaweza kufanya kazi ambayo hakuna roboti inayoiweza. Mko wanachama 32. Kila mmoja akileta maji siku moja na kuni siku nyingine, wiki 6 zinapita na hakuna aliyechoka. Kama ni wakati wa palizi, mshinde shambani kwake mara mbili. Andikeni zamu hizo kwenye daftari la kikundi kabla hajaondoka kwenda hospitali, mumewe akiwepo na kusikia.

Baada ya hapo ataishi maisha ya kawaida, hata kuzaa anaweza akingoja mwaka mmoja na kumwambia mkunga mapema kwamba ana figo moja, kwa sababu presha ya uja uzito humjia mtoaji mara nyingi zaidi. Figo iliyobaki hukua na kufanya kazi ya ziada. Lakini haina mwenzake. Utafiti wa Marekani wa mwaka wa 2014 ulikadiria kwamba katika watoaji 10,000, watu 90 watapata ugonjwa wa figo wa mwisho maishani mwao, na katika watu wazima kama wao ambao hawakutoa ni 14. Ni wachache, lakini si sifuri. Kwa hiyo kila mwaka apimwe presha, mkojo na damu, hata akijisikia mzima. Na akiumwa na kichwa au mgongo asikimbilie dukani kununua Brufen au diklofenaki, zinaichosha figo. Panadol inatosha.

Vipimo hivyo vya kila mwaka havigharimu pesa nyingi. Mama katibu, tafadhali viandikwe kwenye bajeti ileile ya kijana, mstari wake peke yake, kwa jina la dada.